Chanjo ya Rota: Yaliyo Katika Vinasaba na Yaliyo Mikononi Mwa Mzazi

Chanjo ya matone ya rota, virusi viletavyo kuhara kwa watoto, ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2013, ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na ili imjengee mtoto kinga ni lazima virusi hivyo vinate kwenye ukuta wa utumbo na kuzaliana humo. Hapo ndipo vinasaba vinapohusika. Jeni iitwayo FUT2 huchangia kuamua iwapo ukuta huo utakuwa na aina ya sukari ambayo virusi hunatia, kwa hiyo mtoto aliyerithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama anaweza kumeza chanjo yote na bado asipate kinga ya kutosha, ingawa mtoto huyo huyo huwa mgumu kuambukizwa baadhi ya aina za rota.

Hata hivyo, usihangaike kutafuta kipimo cha jeni, kwa maana ratiba haibadiliki kwa majibu yake. Kinga hupunguzwa pia na kingamwili (protini za damu zinazopambana na vimelea) ambazo mtoto alizipata kwa mama tangu tumboni, na utumbo uliodhoofishwa na maambukizi ya mara kwa mara. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa chanjo ilizuia kuhara kukali kunakosababishwa na rota kwa asilimia 77 Afrika Kusini na asilimia 49 Malawi. Hata hiyo 49, kwangu mimi, inastahili safari ya kliniki.

Mpeleke akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, bila kuchelewa. Mpakate akiwa ameegemea nyuma kidogo, muuguzi apate kuelekeza ncha ya kichupa ndani ya shavu na kukamua polepole, na wala usimbane pua kama wengi wafanyavyo wanapomnywesha mtoto dawa. Akitapika, mwambie muuguzi papo hapo. Mnyonyeshe kama kawaida, kwani watafiti walipojaribu kuwazuia watoto kunyonya saa moja kabla na baada ya chanjo, kinga haikuongezeka.

Katika wiki inayofuata, akilia kwa vipindi huku akikunja miguu, au ukiona damu kwenye choo chake, mwahishe hospitali siku hiyo hiyo. Akiharisha baadaye, mpe ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) na zinki, miligramu 10 kwa siku ikiwa hajafikisha miezi 6, na endelea kumnyonyesha. Mguse utosi: ukiwa umebonyea, au ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, usingoje kupambazuke.