Namna Bunge la Tanzania linavyoweza kumchunguza kiongozi wa Serikali asiyetaka kuhojiwa

Jambo la kwanza la kuamua ni nani hasa anayechunguzwa, kwa kuwa Katiba ya mwaka 1977 imeweka njia mbili tofauti. Kwa Ibara ya 33, Kiongozi wa Serikali ni Rais mwenyewe. Waziri Mkuu, kwa Ibara ya 52, ni msimamizi wa shughuli za Serikali za siku hadi siku na kiongozi wa shughuli hizo bungeni. Mbunge anayemlenga Waziri Mkuu afuate Ibara ya 53A, na anayemlenga Rais afuate Ibara ya 46A. Akizichanganya, hoja yake itakufa mezani kwa Spika kabla wananchi hawajaisikia.

Baada ya hapo zitafutwe nyaraka, na wala si saini za wabunge wa kuunga mkono hoja. Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na silaha kubwa katika kazi hiyo ni taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Watunga Katiba walifikiria hata ukaidi: Rais asipochukua hatua ya kuiwasilisha taarifa hiyo bungeni kwa muda uliowekwa, Ibara ya 143 inamtaka Mkaguzi aipeleke kwa Spika. Mwaka 2014, ukaguzi maalumu wa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zilizokuwa zimewekwa Benki Kuu kwa sababu ya mgogoro wa malipo ya umeme, ndio ulioipa Kamati ya Hesabu za Serikali mahali pa kusimama, na baada ya mjadala wa Novemba, Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu.

Nyaraka zikionyesha mwanya ambao kamati za kudumu haziwezi kuuziba, ombeni Kamati Teule, yaani kamati ya wabunge inayoundwa kuchunguza jambo moja mahususi, na hapa ndipo penye kazi nzito kuliko pengine pote. Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi ya kamati, ziandikwe kwa maswali yanayojibika: nani aliagiza, kwa barua ipi, ya tarehe gani, na nani alipuuza ushauri wa wataalamu. Kamati iliyoundwa Novemba 2007 kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond ilikuwa na wabunge watano tu, chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na ilifuata mkataba huo wa megawati 100 hatua kwa hatua. Taarifa yake iliposomwa Dodoma Februari 2008, iliihusisha ofisi ya Waziri Mkuu Edward Lowassa na shinikizo la kuipa kampuni hiyo kazi. Tarehe 7 Februari Lowassa alisimama ukumbini, akakana tuhuma na kutangaza kwamba ameandika barua ya kuomba kujiuzulu, huku akilalamika kwamba kamati ilihoji watu wengi lakini yeye haikumwita. Mawaziri wawili walimfuata, na Baraza la Mawaziri likavunjwa.

Naiheshimu sana kazi ya kamati ile, lakini malalamiko hayo yangeweza kuepukwa kwa barua moja ya wito. Mwandikieni mtuhumiwa, mtajieni tuhuma zote, mpeni siku ya kufika, na mtunze nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Akija, majibu yake yaingie kwenye kumbukumbu rasmi neno kwa neno. Asipokuja, nakala ile itaeleza nani aliyekataa kuzungumza.

Iwapo Waziri Mkuu atang'ang'ania kiti, kuna hoja ya kutokuwa na imani naye. Taarifa ya maandishi iungwe mkono kwa saini za wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wabunge wote, yaani 70 katika Bunge la watu 350, na imfikie Spika angalau siku 14 kabla ya siku ya kuiwasilisha. Haiwezi kuletwa kabla ya miezi sita tangu ateuliwe, wala kabla ya miezi tisa tangu hoja kama hiyo ikataliwe. Wabunge walio wengi wakiiunga mkono, hujiuzulu ndani ya siku mbili. Hesabuni siku mkiwa na ratiba ya mkutano mkononi: Aprili 2012 saini zaidi ya 70 zilikusanywa dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, lakini mkutano wa Bunge ulikuwa ukingoni na siku 14 hazikuwepo tena.

Kwa Rais, mlango ni mwembamba zaidi, na ni haki uwe hivyo, kwa kuwa amechaguliwa na nchi nzima. Saini ni asilimia 20 vilevile, lakini taarifa hutangulia kwa siku 30, na theluthi mbili ya wabunge wote ndiyo inayounda Kamati Maalumu ya Uchunguzi chini ya Jaji Mkuu. Kamati ina siku 90 na lazima impe Rais nafasi ya kujieleza, kisha theluthi mbili hutakiwa tena kumwondoa.

Wabunge wengi huogopa chama, na hofu hiyo ina msingi, maana anayepoteza uanachama hupoteza na ubunge. Ibara ya 100 inalinda anachosema bungeni, ila haimlindi mbele ya kikao cha chama chake. Kwa hiyo saini za kwanza zitafutwe kwa wabunge wa chama tawala, mtu mmoja mmoja, wakionyeshwa nyaraka zenyewe.

Mwisho, kila azimio lipewe tarehe na jina la waziri atakayerudi kueleza utekelezaji. Sakata la Richmond liliacha maazimio 23, na Bunge lililazimika kuyafuatilia mkutano hadi mkutano. Azimio linalosema tu kwamba Serikali ichukue hatua stahiki lirudishwe kwa mwandishi wake kabla ya kura.