Kupanga safari ya Pokhara, Nepal: hatua kwa hatua, hadi uione milima

Wageni wengi hufika Pokhara, wakakaa siku mbili kando ya Ziwa Phewa, kisha wakaondoka bila kuona kilele hata kimoja. Ziwa liko palepale kila siku, milima ndiyo hujificha. Mimi huwapangia watu safari za huko, na jambo ninalolishughulikia kuliko yote ni kumpa mgeni asubuhi za kutosha. Hoteli na usafiri hufuata baadaye.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Pokhara iko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilomita 25 hivi kaskazini yake umesimama mlima Machapuchare, mita 6,993, na nyuma yake kuna safu ya Annapurna, ambayo kilele chake kirefu kinafika mita 8,091. Hewa yenye unyevu kutoka Ghuba ya Bengal ikifika kwenye ukuta huo hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Kwa mwaka mji hupata zaidi ya milimita 3,000, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Juni na Septemba. Kama unafuata milima, miezi hiyo iache.

Oktoba na Novemba hewa imeshaoshwa na mvua na anga ni safi. Ila sikukuu za Kihindu za Dashain na Tihar huangukia kipindi hicho, na tarehe zake hubadilika kila mwaka kwa sababu hufuata mwandamo wa mwezi. Mabasi na ndege hujaa, na maduka mengi hufungwa siku kuu za Dashain, kwa hiyo zitazame tarehe hizo kabla hujalipia tiketi. Machi nao ni mzuri, maua ya rododendroni huchanua kwenye misitu ya juu, lakini Aprili ikisogea moshi wa mioto ya misituni na vumbi huziba mandhari. Desemba na Januari pana baridi ya kuvumilika mjini, ila ukungu wa alfajiri huchelewesha ndege. Mimi ningekwenda Novemba.

Hatua ya 2: Hesabu asubuhi, usihesabu siku

Hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Milima huonekana vizuri tangu kunapopambazuka hadi saa tatu au saa nne asubuhi. Jua likishalipasha joto bonde, hewa hupanda kwenye miteremko na kugeuka mawingu. Kwanza utaona kipande kidogo cheupe kimeshika kiuno cha Machapuchare, na baada ya muda si mrefu mlima mzima umefunikwa. Mara nyingine hufunguka tena jioni, lakini usiutegemee mchana.

Kwa hiyo mtu anayefika alasiri na kuondoka keshokutwa mapema ana asubuhi moja tu ya kutazama. Ikiwa na mawingu, basi. Panga kulala Pokhara mara nne angalau, na usinunue mapema shughuli inayokufunga kwenye asubuhi fulani. Iache iamuliwe na anga.

Hatua ya 3: Viza

Raia wa nchi nyingi hupewa viza wanapowasili kwenye uwanja wa ndege wa Tribhuvan, Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90. Nchi chache, zikiwemo Somalia na Ethiopia, raia wake hutakiwa kuomba ubalozini kabla ya kusafiri, kwa hiyo thibitisha kwa pasipoti yako. Jaza fomu mtandaoni kabla ya kuondoka na ubebe dola taslimu.

Hatua ya 4: Kathmandu hadi Pokhara

Ni kilomita 200 hivi, lakini basi huchukua saa saba, nane au zaidi, maana barabara ni ya milimani na ina foleni za malori. Ndege huchukua nusu saa hivi. Kwa basi au kwa ndege, kaa upande wa kulia ukienda: unaelekea magharibi, na milima iko kaskazini.

Wakati wa mvua sipendekezi barabara, na usiku hata siikubali. Julai 2024 maporomoko ya udongo yaliyasukuma mabasi mawili ndani ya mto Trishuli kabla ya alfajiri, kwenye barabara ya Narayanghat–Mugling, inayoungana na hii ya Pokhara. Ukilazimika kwenda kwa barabara miezi hiyo, ondoka asubuhi ufike mchana.

Hatua ya 5: Mahali pa kulala

Lala mtaa wa Lakeside. Katikati yake pana migahawa na kelele za usiku, na ukienda kaskazini panatulia. Omba chumba cha juu kinachotazama kaskazini, au hoteli yenye paa unaloweza kupanda. Ukiweza kuitazama milima ukiwa bado na blanketi mabegani, utajua mara moja kama kuna haja ya kuita teksi ya kwenda kuitazama kutoka kilimani.

Hatua ya 6: Zigawe asubuhi zako

Asubuhi ya kwanza yenye anga safi nenda Sarangkot, kilima cha mita 1,600 hivi juu ya mji. Uwe juu kabla jua halijachomoza, kwa sababu mwanga hugusa vilele kwanza, ukateremka taratibu, na bonde bado lina giza. Kuruka kwa parachuti kutoka kilimani (paragliding) hufanyika hukohuko baadaye, hewa ikishapata joto.

Ya pili iwe ya ziwa. Chukua mtumbwi mapema kabla upepo haujaanza, maana maji yakitulia ndipo Machapuchare huonekana ndani yake. Koti la kuokolea maisha livae, lifunge, kisha livute juu kwa mabegani kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, omba lingine. Pita kwenye kisiwa cha hekalu la Tal Barahi, kisha vuka hadi ng'ambo na upande mlima kwa miguu hadi Stupa ya Amani, mnara wa Kibuddha, ambako unaona ziwa, mji na safu ya Annapurna kwa pamoja.

Mchana weka yasiyohitaji anga safi: jumba la makumbusho ya milima, maporomoko ya maji ya Davis, pango la Gupteshwor, au Ziwa Begnas lenye watu wachache.

Hatua ya 7: Ukitaka kupanda zaidi

Mjini usiogope ugonjwa wa mwinuko, mita 800 ni chini mno. Njia ya Poon Hill, mita 3,210, huchukua siku nne au tano. Kibali cha hifadhi ya Annapurna ni rupia 3,000 kwa wageni wengi, na tangu Aprili 2023 kanuni inataka uwe na mwongozaji mwenye leseni. Siku za njia hiyo ziongeze juu ya zile nne za Pokhara, usizitoe humo.

Hatua ya 8: Kurudi

Usipange kutoka Pokhara siku ileile ya ndege yako ya kimataifa. Ukungu mmoja au lori moja lililokwama vinatosha kukukosesha tiketi ya gharama kubwa. Lala Kathmandu usiku wa mwisho, na rupia zilizobaki zibadilishe hukohuko, kwani nje ya Nepal ni vigumu kupata wa kuzipokea.