Somo: Kuzuia idara zisichunguliane mafaili kwenye seva moja

Wakuu, swali hili nimelijibu kwa simu, kwa WhatsApp, na juzi nimelijibu nikiwa ndani ya kivuko cha Msangamkuu huku nimeshika ndoo ya samaki. Naliandika mara moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

Mfano ni wa ofisini kwetu Mtwara: seva moja ya Ubuntu (aina ya Linux), idara mbili. Ghala wanaingiza uzito wa magunia ya korosho, uhasibu wana orodha za malipo ya wakulima. Ghala hawatakiwi kuona malipo.

Hatua ya 1. Unda makundi ya watumiaji. (sudo mbele ya amri ni kuiendesha kwa mamlaka ya msimamizi.)
sudo groupadd uhasibu
sudo groupadd ghala

Hatua ya 2. Ingiza watu.
sudo usermod -aG uhasibu asha

Hapa tuelewane. Hiyo herufi a si pambo. Ukiandika -G peke yake, mtu anatolewa kwenye makundi yake yote ya ziada na kubaki na hilo ulilotaja tu. Mimi nilijiingiza mwenyewe kwenye uhasibu bila a, nikajitoa kwenye kundi la sudo, yaani la wanaoruhusiwa kutumia sudo. Ubaya wake huuoni siku hiyo, kwa sababu ukiwa umeshaingia makundi ya zamani yanaendelea kufanya kazi mpaka utoke. Nikaenda nyumbani nikalala vizuri. Kesho yake hakuna sudo, na Ubuntu kwa kawaida imemfungia root (msimamizi mkuu wa seva), hana nywila. Ilibidi kuizima seva saa nne asubuhi, watu wa ghala wakiwa na foleni ya magari nje, niiwashe kwa hali ya uokoaji nijirudishe kwenye kundi. Kwa hiyo: angalia kwa amri ya "id asha" KABLA na BAADA. Na unayemwongeza lazima atoke aingie upya ndipo kundi jipya limtambue.

Hatua ya 3. Folda na mmiliki wake.
sudo mkdir -p /srv/kazi/uhasibu
sudo chown root:uhasibu /srv/kazi/uhasibu

Hatua ya 4. Ruhusa.
sudo chmod 2770 /srv/kazi/uhasibu
Zile 7 mbili zinampa mmiliki na kundi ruhusa zote. Sifuri ya mwisho ndiyo inayowafungia wengine. Ile 2 ya mwanzo inafanya kila faili jipya lirithi kundi la folda badala ya kundi la aliyeliunda.

Hatua ya 5. Ili wenzake wa kundi waweze pia kuandika kwenye faili aliloliunda mmoja wao:
sudo setfacl -d -m g::rwx /srv/kazi/uhasibu
Kama amri haipo, sakinisha pakiti ya acl.

Hatua ya 6. Rudia 3 hadi 5 kwa ghala, halafu jaribu kama mtu wa ghala:
sudo -u juma ls /srv/kazi/uhasibu
Ikigoma, umefaulu.

MASWALI

Kijana wa Shangani: Mkuu nimefuata zote, Asha bado anakataliwa. Somo lako halifanyi kazi.
Jibu: Ametoka akaingia upya? Hatua ya 2, sentensi ya mwisho.

Kijana wa Shangani: Aah, imekubali.

Mzee wa Chap: Si upige chmod -R 777 yaishe?
Jibu: Yataisha kweli. Hata ghala ukiliacha wazi msimu wa korosho linaisha.

Newala Baridi: Mafaili niliyoyahamisha kwa mv wenzangu hawayafungui, ila niliyonakili kwa cp yanafunguka. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Ndani ya diski ileile mv inabadilisha anwani tu. Faili ni lilelile, na kundi lake la zamani na ruhusa zake. cp inaunda faili jipya, nalo linarithi. Ila cp -p inajaribu kubaki na ya zamani, kuwa makini. Kurekebisha:
sudo chgrp -R uhasibu /srv/kazi/uhasibu
sudo chmod -R g+rwX /srv/kazi/uhasibu
X iwe kubwa: inatoa ruhusa ya kupita kwenye folda bila kugeuza kila hati kuwa programu.

Newala Baridi: Na mkaguzi anayetakiwa kusoma tu?
Jibu: Muundie kundi la ukaguzi, kisha
sudo setfacl -R -m g:ukaguzi:rX /srv/kazi/uhasibu
Irudie ukiongeza -d kwa ajili ya mafaili yajayo. Baada ya hapo ls -l itaonyesha alama ya +, na tarakimu ya kundi kwenye chmod (7 ya pili katika 2770) haitagusa tena kundi bali kikomo cha ACL, yaani orodha ya ruhusa za ziada unazoweka kwa setfacl. Tumia getfacl kuona ukweli.

Mdau Masasi: Kwetu mtu kafuta faili la mwenzake ambalo hata kuandika hakuruhusiwa!
Jibu: Kufuta kunategemea ruhusa ya folda, si ya faili. Weka 3770 badala ya 2770, kila mtu atafuta lake tu.

Mdau Masasi: Nami nichangie: mnaotumia NFS ya kawaida (kufungua folda za seva kupitia mtandao), mtu akizidi makundi 16 yale ya ziada hayafiki kwenye seva. Nilihangaika nalo wiki nzima.
Jibu: Hilo wengi hawalijui. Asante sana.

Mzee wa Chap: Mkuu naomba namba, nikupigie unielekeze.
Jibu: Hapana.