Jedwali la Word Likiruka Ukurasa na Kuacha Pengo: Namna ya Kulirekebisha

Msimu wa maazimio ya kazi ukifika, walimu humiminika steshenari na flashi zao, na lalamiko halibadiliki. Kichwa cha habari kimebaki peke yake ukurasa wa kwanza, jedwali lote limehamia wa pili, na katikati pamebaki karatasi nyeupe. Utaratibu ninaoufuata kwenye Word ya kompyuta ni huu. Kwenye simu usijisumbue, maana nusu ya mipangilio hii hutaiona.

Hatua ya 1: Fichua alama

Bonyeza Ctrl+Shift+8. Alama za ¶, zinazoonyesha mwisho wa kila aya, zitajitokeza kila mahali. Zile tupu zilizopangana juu ya jedwali, futa. Ukikuta maneno Page Break, futa pia. Kulisukuma jedwali kwa Enter ni tabia mbaya: ukiongeza sentensi moja tu huko juu, kila kitu kinahama tena.

Hatua ya 2: Jedwali lisielee

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya ndani ya jedwali, ingia Table Properties, kichupo cha Table. Text wrapping iwe None.

Hatua ya 3: Ondoa Keep with next

Hapa ndipo watu wanapokesha, kwa sababu wanamtafuta mchawi kwenye mipangilio ya jedwali, kumbe yuko kwenye aya zilizo ndani ya visanduku. Keep with next huiambia Word kwamba aya hii isitengane na inayofuata. Safu mlalo ya kwanza ikishikamana na ya pili, ya pili na ya tatu, hivyo hivyo mpaka chini, Word haina pa kukata. Inalibeba jedwali zima hadi ukurasa mpya.

Chagua jedwali lote kwa kubofya kile kimsalaba kinachotokea kwenye pembe ya juu kushoto. Fungua kisanduku cha Paragraph, kichupo cha Line and Page Breaks. Alama ya Keep with next huenda isiwe ya vema. Ikiwa baadhi ya aya zinayo na nyingine hazina, utaona kijimraba kilichojazwa. Bofya mpaka kibaki kitupu kabisa. Fanya vivyo hivyo kwa Page break before, ambayo ndiyo huipeleka safu moja moja kwenye ukurasa wake.

Kama bado, angalia mtindo wa maandishi. Mitindo ya Heading huja na Keep with next ndani yake, na watu wengi huichagua kwa sababu tu wameipenda rangi yake au ukubwa wa herufi. Dalili yake haijifichi: tengeneza orodha ya yaliyomo, na kama "Wiki ya 3" au "Kipindi cha pili" vimejipanga humo kama sura za kitabu, umeshamkamata. Rudisha maandishi hayo kwenye mtindo wa Normal, kisha koleza wino kwa Ctrl+B. Dalili nyingine ni kidoto cheusi cha mraba pembeni kushoto mwa aya, kinachoonekana alama za ¶ zikiwa wazi.

Lakini usiifute Keep with next kila mahali kwa hasira. Kichwa cha jedwali kilicho juu yake kinaihitaji, la sivyo kitabaki chini ya ukurasa huku jedwali likianzia wa pili. Sehemu ya sahihi, ya mwalimu na ya mkuu wa shule, nayo iwekee ili isigawanyike. Safu ya mwisho tu ndiyo uiache bila, isije ikajifunga na maandishi yanayofuata.

Hatua ya 4: Safu inayokatika katikati

Table Properties, kichupo cha Row, ondoa tiki kwenye Allow row to break across pages. Inafaa kwa safu fupi. Kama kisanduku cha shughuli za kujifunza kimejaa nusu ukurasa, iache tiki, maana ukiiondoa utatengeneza pengo lile lile ulilokuwa unalikimbia. Hapo hapo, ukikuta urefu wa safu umewekwa Exactly, badilisha uwe At least. Exactly hula maandishi.

Hatua ya 5: Vichwa vya safu vijirudie

Chagua safu ya juu, na kwenye kichupo hicho hicho cha Row weka tiki Repeat as header row. Visipojirudia, huenda mtu kaweka Page Break kwa Ctrl+Enter ndani ya jedwali. Rudi hatua ya kwanza.

Wa LibreOffice, ile programu ya bure inayofanana na Word, mengi ya mambo haya yako Table, Properties, Text Flow, sehemu moja. Kwa majedwali marefu naipendelea kuliko Word.

Hatua ya 6: Ukurasa mtupu mwishoni

Jedwali likijaza ukurasa mpaka chini, ile ¶ ya lazima inayolifuata hudondokea ukurasa mwingine. Haifutiki. Ichague, fonti iwe 1, Spacing Before na After ziwe 0, na nafasi ya mistari iwe Single.

Kisha hifadhi PDF kabla ya kutoka na flashi. Kompyuta isiyo na fonti yako itaipanga kazi upya, na mapengo yatarudi.