Kutumia Maktaba Huria za Sauti katika Programu ya Kuuza

Tuseme uko Kisumu, unaunda programu ya kompyuta kwa ajili ya walimu wa kwaya: inacheza wimbo polepole bila sauti kushuka, inarekodi waimbaji, kisha inahifadhi rekodi kwa MP3. Huna haja ya kuyaandika yote hayo mwenyewe, kwa kuwa maktaba huria za kazi hizo, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine na kuachwa wazi kwa kila mtu kuvitumia, zipo tele, na leseni huria haikukatazi kuuza. Kinachotofautiana ni masharti unayopaswa kuyatimiza unapomkabidhi mteja bidhaa, na masharti hayo yamo katika faili ya leseni iliyo ndani ya maktaba yenyewe.

Anza na zisizo na usumbufu. PortAudio, inayoshughulika na maikrofoni na spika, ina leseni ya MIT, nayo Opus na maktaba ya FLAC, zinazobana sauti ili faili ziwe ndogo, zina leseni za BSD. Hizi zinadai hasa kwamba notisi ya hakimiliki na maneno ya leseni yasafiri pamoja na bidhaa, kwa hiyo yaweke yote, bila kuyafupisha, katika ukurasa wa "Kuhusu programu hii". Hata hivyo, usinakili kabrasha zima la FLAC ovyo, kwani programu zake zinazoendeshwa kwa kuandika amri ziko chini ya GPL, leseni kali zaidi nitakayoieleza hapa chini.

Leseni ya LGPL, ndugu ya GPL iliyolegezwa, ndiyo inayowababaisha wengi. libsndfile, inayosoma na kuandika faili za sauti, iko chini yake, sawa na SoundTouch, inayopunguza mwendo wa wimbo. Msimbo wako, yaani maandishi ya programu uliyoyaandika, waweza kubaki siri, mradi mteja aweze kuiondoa maktaba hiyo, aweke toleo alilolirekebisha mwenyewe, na programu iendelee kufanya kazi. Njia nyepesi ni kuiacha maktaba katika faili yake, hivi kwamba mtu akifungua kabrasha la programu kwenye Windows anaona kwaya.exe na kando yake sndfile.dll na SoundTouch.dll. Ukizichanganya zote katika faili moja, itakubidi umpe mteja vipande vya programu yako vilivyokwisha kupita kwenye kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ili aweze kuviunganisha upya, kazi ambayo mimi sioni faida yake.

Pamoja na hayo, LGPL inataka umpe nakala ya leseni na msimbo chanzo wa toleo lile lile ulilotumia, au ahadi ya maandishi ya kuutoa kwa muda usiopungua miaka 3. Basi hifadhi msimbo huo kwenye diski yako siku unayotoa bidhaa, maana viungo vya intaneti hufa. Tena usimkataze mteja kuichambua programu anapotafuta hitilafu za marekebisho yake. Marufuku ya namna hiyo hujaa katika mikataba iliyonakiliwa bila kusomwa. Chunguza pia maktaba zinazotegemewa na maktaba zako: tangu toleo la 1.1.0 la mwaka 2022, libsndfile inaweza kuhifadhi MP3, lakini kwa msaada wa maktaba za LAME na mpg123, ambazo nazo ziko chini ya LGPL.

GPL ni ngumu zaidi kwa mfanyabiashara. Rubber Band nayo hupunguza mwendo wa wimbo, lakini ukiiunganisha na programu yako na kuigawa, msimbo wa programu nzima utalazimika kutolewa kwa wateja kwa masharti ya GPL, la sivyo ununue leseni ya kibiashara kutoka kwa wenyewe. Kwa anayeuzia kwaya za Kondele na Nyalenda, ningeanza na SoundTouch, niisikilize, ndipo nifikirie kulipa.

FFmpeg, inayogeuza faili za sauti na video kutoka muundo mmoja hadi mwingine, yahitaji jicho kali. Kwa kawaida ni LGPL, lakini ikijengwa kutoka msimbo chanzo kwa chaguo la --enable-gpl inakuwa GPL, na ikijengwa kwa --enable-nonfree hairuhusiwi kugawanywa kabisa. Andika ffmpeg -version usome mstari wa configuration. Ukiyakuta maneno hayo katika nakala uliyoipakua, ijenge upya mwenyewe.

Hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi, ni suala jingine, kwa kuwa leseni ya msimbo haimalizi madai ya wenye uvumbuzi. Mpango wa kutoza ada za MP3 ulifungwa Aprili 2017, lakini AAC, muundo mwingine wa kubana sauti, bado ina watozaji wake, na Opus haitozwi ada na walioiunda.

Linabaki suala la mkataba. Mteja mkubwa, tuseme kituo cha redio cha Nakuru, anaweza kudai ahamishiwe haki zote za programu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi, nawe huwezi kuhamisha kazi ya mwandishi mwingine. Omba kipengele hicho kisomeke kwamba unahamisha msimbo ulioandika wewe, na kwamba maktaba zilizotajwa katika kiambatisho zinabaki chini ya leseni zake. Katika kiambatisho, taja jina la kila maktaba, toleo na leseni yake, kisha wakili akipitie kabla hujatia sahihi.