SOMO: Kuchagua viyeyushi vya kolamu ya silika jeli

Wadau, kolamu (bomba lililojazwa unga wa silika, la kutenganisha kemikali zilizochanganyika) nyingi huharibika kabla silika haijamiminwa. Anza na plati ya TLC, yaani kibao chenye tabaka jembamba la silika, cha kujaribia viyeyushi. Anayeruka hatua hii atalipa kwa lita za heksani, na bei ya heksani ya maabara hapa Dar mnaijua.

Hatua ya 1. Dondosha sampuli kwenye plati, ujaribu heksani na ethili asetati kwa uwiano wa 4:1. Doa unalolitaka likae Rf 0.2 hadi 0.3 (Rf ni umbali uliopandwa na doa ukigawanywa kwa umbali uliopandwa na kiyeyushi). Likipanda mno ongeza heksani, likigoma chini ongeza ethili asetati. Kwa nini chini hivyo? Chukua 1 ugawanye kwa Rf: doa la 0.25 hutoka baada ya takriban vijazo 4 vya kolamu (kijazo kimoja ni kiyeyushi kinachotosha kuijaza kolamu mara moja). La 0.8 hutoka kwenye kimoja na kidogo, likiwa limeongozana na majirani zake wote.

Hatua ya 2. Likigoma hata kwenye ethili asetati tupu, hamia dikloromethani yenye methanoli asilimia 1 au 2, kisha uongeze methanoli taratibu. Ukipita asilimia 10, silika laini huweza kuanza kupenya na kutoka pamoja na sampuli.

Hatua ya 3. Dietili eta isahau. Inachemka nyuzi 34.6, na mchana wa Februari chumba kisicho na AC hakiko mbali na hapo. Dikloromethani nayo huchemka kwenye 40, na silika hupata joto inapolowa. Viputo vikiingia, kolamu inapasuka. Kwa hiyo lowesha silika kwenye bika, koroga, iache ipoe, ndipo umimine.

MASWALI

Mkuu, jana Rf ilikuwa 0.25, leo 0.4, mchanganyiko uleule!
— Unyevu huo. Silika hunywa mvuke wa hewani. Pasha plati nyuzi 110 kwa nusu saa. Na mchanganyiko wa jana mwaga kwenye chupa ya taka: heksani hupaa haraka zaidi, kwa hiyo kilichobaki kina nguvu ya kupandisha madoa kuliko ulichopima.

Alkaloidi zangu (kemikali za mimea zenye asili ya besi) zinaburuza mkia, doa halikai duara.
— Silika ina uasidi. Weka trietilamini, ambayo ni besi, asilimia 1 kwenye kiyeyushi.

Petroli ya sheli haifai badala ya petroliamu eta (kiyeyushi cha mafuta mepesi kinachotumika kama heksani)?
— Usithubutu. Ina benzini, na ina vitu vizito vitakavyobaki kwenye chupa pamoja na sampuli yako. Petroliamu eta unayoitafuta huchemka kati ya nyuzi 40 na 60.