Arei ya stringi kwenye MMBasic: usiache zikumalizie RAM

Kama umeanza kucheza na MMBasic, yaani BASIC ya vidhibiti vidogo (microcontroller), kwenye Micromite au PicoMite na umefika mahali unataka kuweka majina ya menyu, jumbe za makosa au majina ya sensa kwenye arei (orodha ya vijumba chini ya jina moja), soma hii kwanza, itakupunguzia usiku mmoja wa kuhangaika. Mi niliupoteza wangu. Nilikuwa na programu ndogo tu inafanya kazi vizuri, nikaongeza arei moja ya stringi (maandishi), kosa la memori hapohapo, nikabaki naitazama skrini kama nimerogwa.

Arei yangu ilikuwa hivi:

DIM jina$(99)

Inaonekana haina shida, si ndio? Sasa piga hesabu. Stringi kwenye MMBasic inaweza kufika herufi 255, na MMBasic haijui wewe utaweka nini, kwa hiyo inatenga nafasi kamili kwa kila kijumba, baiti 255 za herufi na baiti 1 ya kukumbuka urefu. Jumla 256. Na vijumba viko 100, sio 99, maana hesabu inaanzia 0 usipoweka OPTION BASE 1. Yaani 25,600. Chipu ya PIC32MX170 inayotumika kwenye Micromite ya pini 28 ina RAM ya KB 64 tu na MMBasic yenyewe inakula sehemu yake, so hapo arei moja tu imekula zaidi ya theluthi ya RAM yote hata kama kila jina lina herufi tano.

Dawa ni neno moja:

DIM jina$(99) LENGTH 15

Sasa kila kijumba ni baiti 16, ukizidisha unapata 1,600 badala ya 25,600. Mi siku hizi siandiki arei ya stringi bila LENGTH hata iwe na vijumba vitatu, ni mazoea tu kama kufunga mkanda wa gari.

Ila kuna bei yake. Ukijaribu kuingiza stringi yenye herufi 16 kwenye kijumba cha 15, haikatwi kimyakimya, programu inasimama na kosa. Kama maandishi yanatoka nje, labda kwenye poti ya siriali (serial port) au mtumiaji anachapa mwenyewe, yakate kabla hujayaweka:

jina$(n) = LEFT$(ingizo$, 15)

Tuje kwenye mfano wa kweli, menyu ya skrini ya LCD ya herufi 16 kwa mistari 2. Urefu tayari umeshaamuliwa na skrini, unaweka 16 basi:

OPTION EXPLICIT
DIM INTEGER i, j, t
DIM menyu$(3) LENGTH 16 = ("Joto", "Unyevu", "saa", "Betri")

Nimeweka "saa" kwa herufi ndogo makusudi, utaona mbele kwa nini. Na ukishaanza kuonyesha kwenye skrini utakutana na hii: ukitoka "Unyevu" ukaenda "Joto" unaona "Jotovu", kwa sababu herufi mbili za mwisho za neno la zamani hakuna aliyezifuta. Jaza nafasi wazi hadi 16 wakati wa kuonyesha, usizihifadhi ndani ya arei:

LCD 1, 1, LEFT$(menyu$(i) + SPACE$(16), 16)

Kupeleka arei nzima kwenye SUB (kipande cha programu unachokiita kwa jina) unaandika mabano matupu, hivi:

Onyesha menyu$(), 3

SUB Onyesha(m$(), mwisho)
  LOCAL INTEGER k
  FOR k = 0 TO mwisho
    PRINT k, " ", m$(k)
  NEXT k
END SUB

Hainakiliwi, SUB inashika arei ileile, kwa hiyo ukibadilisha m$(2) humo ndani ujue umebadilisha menyu$(2) huko nje.

Kupanga kwa alfabeti hapa ndo watu wengi wanahamisha stringi zenyewe huku na huko. Usihangaike. Acha stringi zikae zilipo, panga namba zake tu:

DIM INTEGER foleni(3)
FOR i = 0 TO 3 : foleni(i) = i : NEXT i
FOR i = 1 TO 3
  t = foleni(i)
  j = i - 1
  DO WHILE j >= 0
    IF UCASE$(menyu$(foleni(j))) <= UCASE$(menyu$(t)) THEN EXIT DO
    foleni(j + 1) = foleni(j)
    j = j - 1
  LOOP
  foleni(j + 1) = t
NEXT i

Baada ya hapo unasoma menyu$(foleni(i)) na kila kitu kinatoka Betri, Joto, saa, Unyevu. Bila UCASE$ ile "saa" ingeenda mwisho kabisa nyuma ya Unyevu, kwa sababu kwenye ASCII (namba ambazo kompyuta inazipa herufi) herufi kubwa zote zinatangulia ndogo. Halafu angalia nimeitenga IF peke yake, sikuiunganisha na j >= 0 kwa AND. AND ya MMBasic inakokotoa pande zote mbili hata kama ya kwanza tayari ni uongo, kwa hiyo j ikifika -1 ingeenda kusoma foleni(-1) na programu inakufa. Hili limenitesa kuliko ile RAM.

Mwisho, kama maandishi hayabadiliki kamwe, mfano jumbe za makosa, kwa nini uyaweke kwenye RAM hata kidogo? Yaweke kwenye DATA, yanabaki kwenye flashi (memori inayohifadhi programu) pamoja na programu, na unavuta moja ukilihitaji:

FUNCTION Ujumbe$(n)
  LOCAL INTEGER k
  LOCAL s$
  RESTORE
  FOR k = 0 TO n
    READ s$
  NEXT k
  Ujumbe$ = s$
END FUNCTION

DATA "Sawa", "Sensa haijibu", "Betri iko chini"

Ni polepole kidogo kuliko arei maana inasoma kuanzia mwanzo kila mara, kwa jumbe ishirini hutahisi chochote. Ila ile RESTORE inarudisha usomaji kwenye DATA ya kwanza kabisa ya programu, so kama una DATA nyingine za namba huko juu utajikuta unasoma namba ukidhani ni ujumbe. Jumbe zikae za kwanza, DATA za namba zifuate chini yake, na ukizisoma hizo namba anza kwa kuzipita jumbe zote kwa READ, uzimalize kabla hujaita Ujumbe$.